Hapana ya Kwanza ya Mama

Nilikuwa nimesimama juu ya kreti la bia, nakwaruza lipu ya kwanza ya ukuta wa jikoni kabla haijakauka, shemeji yangu Attracta, mke wa kaka yangu Colman, alipoingia bila hodi.

Akautazama ukuta. Akalitazama kreti. Mimi akanitazama mwisho, kama mtu anayemalizia kazi isiyo na haraka.

"Shemeji, huo ukuta unaupiga lipu au unaukuna mgongo?"

"Naukwaruza ili tabaka la pili lishike."

"Haya. Na huko Birmingham mnajengewa na watu wa hivi hivi?"

Mama alikuwa mezani anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Attracta, chai ipo."

"Hapana Mama, usijisumbue, nimetoka kunywa sasa hivi."

"Kikombe kidogo tu."

"La, la, kweli tena, sitaki."

"Kaa, unywe."

"Basi nusu kikombe."

Akavuta kiti. Ile nusu kikombe ilijazwa, ikarudiwa, ikarudiwa tena, na mkate wa magadi uliokuwa mzima ukabaki kisigino, kipande cha mwisho tu.

Naomba msomaji autazame vizuri mchezo huu wa chai, maana mkosi wangu wote umo humo.

Kwetu Knockavalla, hapana ya kwanza si hapana. Ni adabu tu. Ya pili pia ni adabu. Mwenye nyumba anauliza mara ya tatu, na hapo ndipo mgeni anasema anachotaka. Mtoto anajifunza hilo kabla hajajua kufunga viatu.

Sasa, kwa ambao hawakuwa nami wiki zilizopita, niwarudishe kidogo. Niliwasimulia nilivyoanguka kwenye jukwaa la ujenzi Birmingham, na nilivyoachishwa kazi na binamu niliyemfundisha mwenyewe kushika mwiko. Yote hayo niliyabeba. Lililonirudisha Ireland ni jingine.

Kila Jumapili, baada ya Misa ya pili, nilikuwa napiga simu dukani kwa Delia Padden, kwa kuwa kijiji kizima kina simu hiyo moja. Mama alikuwa akinisubiri hapo kando ya magunia ya unga. Tulikuwa tunaongea mvua, ng'ombe, nani kafa. Kwa mtu anayeishi kwenye chumba cha kupanga, hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yangu.

Halafu simu ikaanza kupokelewa na Attracta.

"Mama hajambo, shemeji. Anasema usijisumbue."

Wiki hii usijisumbue, wiki ijayo usijisumbue. Nilikuja bila kutoa taarifa, nikamkuta Mama anachota maji. Akanitazama kwa muda, akasema, "Kumbe njia unaikumbuka." Alikuwa ameambiwa mwanawe kachoka kumpigia.

Ni Delia aliyenieleza jinsi ilivyofanyika. Attracta alikuwa akishika simu, anapaza sauti duka zima lisikie: "Mama, unataka kuongea na Malachy, au tumwache mwenzio apumzike?" Na Mama, mbele ya majirani wote, angejibu nini? "Ah, mwache, asijisumbue." Basi. Simu inarudishwa mahali pake.

Hakuna aliyedanganya. Aliulizwa, akajibu. Wamenibamiza na hilo tangu nifike: aliulizwa, akajibu.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu watu. Ufundi wangu nilijifunza kwa kusimama pembeni na kuangalia, na nimezoea kuangalia kitu kwa muda mrefu kabla sijasema kimepinda. Attracta nimemwangalia muda mrefu. Nilimtafutia sababu kila upande. Nikamtazama sasa anavyopaka siagi kwenye kile kisigino cha mkate baada ya kukaribishwa mara tatu, nikaacha kutafuta.

"Nimekuja kuwaambieni," akasema, mdomo umejaa, "Padri Geraghty anakuja leo na Colman. Wanakuja kuitazama hii nyumba."

Mama akaacha kumenya.

"Kuitazama imefanya nini?"

"Mama, tuseme ukweli. Hapa pa kuletea Misa hapa?"

Hapo ndipo tulipo, wapenzi wasomaji. Kwetu kuna Misa ya zamu. Padri anakuja kusomea Misa ndani ya nyumba ya mtu, na majirani wa mtaa mzima wanajaa humo, halafu wanakula. Zamu inazunguka nyumba kwa nyumba, na inaweza kukuchukua miaka mingi kuifikia tena. Ikikufikia, unapaka chokaa mpaka banda la kuku.

Mwaka huu ni zamu ya Mama.

Na mwaka huu Colman, kaka yangu, ameamua Mama aende nyumba ya wazee ya wilaya, ili nyumba hii aifanye zizi la ndama. Amekwisha pima mlango. Nilimkuta na kamba mwenyewe, anapima, na Mama amekaa ndani.

Lakini nyumba iliyosomewa Misa mwaka huu huwezi kuingiza ndama mwaka huu huu. Watu wangemsema Colman mpaka siku anazikwa, na kaburini wangemsindikiza wakimsema. Kwa hiyo Colman anataka Misa ihamie kwake. Ikihama, na Mama anahama. Ndiyo maana nilikuwa juu ya kreti.

Wakafika mchana, Attracta akiwa bado yupo mezani.

Colman alikuwa amevaa tai na mabuti ya zizini. Huyo ndiye kaka yangu kwa ukamilifu, juu tai, chini samadi. Yeye alirithi shamba, mimi nilirithi tiketi ya meli. Sikuwahi kumwonea wivu. Nilipoondoka nilidhani angalau tumemwachia mtu mzima ng'ombe na mama.

"Mwingereza!" akaniita. Hilo ndilo jina langu tangu nirudi, hata dukani wananiita hivyo. "Bado uko juu? Shuka umsalimie Padri, au huko siku hizi mnasali mkiwa mmesimama?"

"Mikono ina lipu, kaka."

"Mikono ina lipu," akaniiga, huku akimgeukia Padri ili wacheke pamoja. Padri hakucheka. Alikuwa kijana mpole, mgeni katika parokia, na kidogo alimwogopa Colman, kwa kuwa Colman ndiye anayepitisha kapu la sadaka na kila mtu anajua anavyokohoa mbele ya mtu aliyetoa kidogo.

"Ni kazi nzuri," Padri akasema, akiugusa ukuta.

"Bado nusu, Padri. Kesho napiga nusu ya juu."

"Unaona?" Colman akadakia. "Ukuta mbichi. Watu watatoka na migongo myeupe kama wametumbukia kwenye unga. Padri, kwangu sebule ni kubwa, kuna makapeti, kuna choo cha ndani. Mambo ya kujisaidia nyuma ya banda Padri ukiwa na kanzu yako yamepitwa na wakati."

Padri akamgeukia Mama. Alizungumza kwa upole, nadhani alitaka kumsaidia kweli.

"Mama Sabina, nisingependa uchoke. Kupika, kupokea watu, na umri huu. Isingekuwa nafuu kwako Misa tukaihamishia kwa Colman?"

Mama akafuta mikono kwenye aproni. Alisimama kabisa, maana anayemsemesha ni padri.

"Ah, Padri, usijisumbue kwa ajili yangu. Popote utakapoona panafaa."

"Basi!" Colman akapiga meza, viazi vikaruka. "Kasema mwenyewe. Kwa kinywa chake."

"Mimi nitaandaa kuku," Attracta akasema, na alikwisha inuka.

Nilimtazama kaka yangu kutoka juu. Alizaliwa kwenye chumba kilicho nyuma ya ukuta huu huu. Hapana za Mama anazijua kuliko anavyowajua ng'ombe wake. Mgeni akikosea adabu yetu, namsamehe. Huyu hakukosea. Alimvizia mama yake hapo kwenye adabu, akamnasa kama sungura.

Padri alikwisha kutia mkono mfukoni kutafuta kofia yake.

"Padri," nikasema, "muulize tena."

"Kajibu," Colman akasema.

"Kajibu mara moja."

"Kwani wewe ni nani? Wakili? Shuka huko ukoroge tope lako."

"Padri, samahani. Ukikaribishwa chai hapa kijijini, unakunywa wakati gani?"

Padri Geraghty akafikiri. Uso ukamwiva kidogo, kama mtu aliyekumbuka nyumbani kwao.

"Nikikaribishwa mara ya tatu," akasema.

"Haya."

"Huu ni upuuzi!" Attracta akapaza sauti. "Tutamhoji mtu mzima kama polisi?"

Lakini Padri alikwisha mgeukia Mama.

"Mama Sabina, nakuuliza tena. Ungependa Misa iwe wapi?"

"Nyumba yenyewe si hii, Padri, unaiona. Colman ana makapeti."

"Mara mbili!" Attracta akasema. "Mara mbili, na makapeti kayataja!"

Colman alikuwa ananiangalia mimi, na nikajua anajua. Tulikuwa watoto wawili tena, tunahesabu hapana za wageni kwa vidole chini ya meza, tunaomba wasiseme ndiyo ili keki ibaki.

"Mama Sabina," Padri akasema taratibu, "mimi sina haraka. Misa iwe wapi?"

"Hapa," Mama akasema. "Zamu ni yangu. Nimeingoja tangu baba yao yu hai. Na kuku wa Attracta huwa mkavu."

Padri akainamisha kichwa ili asionekane anacheka.

Nadhani kama ingeishia hapo ningekuwa na wiki moja ya furaha ya kuwasimulia. Lakini Colman si mtu wa kushindwa akakaa kimya. Alivuta pumzi, akalegeza ile tai.

"Vizuri. Misa hapa. Waje, wale, waimbe. Halafu? Padri, muulize huyu fundi wetu, halafu? Kesho yake atapanda basi, kisha treni, kisha meli. Nani atamwashia huyu mama moto? Nani atamwosha miguu? Utamwosha kwa simu, Mwingereza?"

Lilikuwa swali la haki. Ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba swali la haki limetoka kinywani mwa mtu huyo.

"Watawa wana kitanda," akaendelea. "Nimekwisha zungumza nao. Kitanda, supu, sala kila jioni. Mimi ndiye niliyebaki hapa. Mimi ndiye ninayemwona kila siku. Nyinyi wengine wote mna huruma mkiwa ng'ambo ya bahari. Huruma rahisi kweli hiyo!"

"Kila siku unamwona," nikasema, "unapokuja kupima mlango."

"Na wewe utafanya nini? Sema. Padri anasikia."

Mimi si mtu wa kusema haraka. Wanaonifahamu wanalalamika kwamba hata kuagiza chai nachelewa. Lakini alinitazama kwa ile dharau yake ya mtu mwenye ekari, na Attracta amesimama nyuma yake na leso kichwani kama malkia wa maziwa ya mgando, nikahisi kitu kinapanda.

"Sirudi," nikasema.

"Hurudi wapi?"

"Sirudi Uingereza. Nitakaa hapa na Mama."

Colman akacheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Ukila nini? Lipu?"

Lakini Padri Geraghty hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Bwana Ruane, hiyo ni habari njema. Nyumba ya wazee ni ya watu wasio na mtu. Mama mwenye mwana nyumbani hawezi kupelekwa kule, na mimi mwenyewe nitawaambia watawa. Jumapili nitaitangaza zamu altareni, na nitasema kwamba mwana amerudi. Watu watafurahi."

Altareni! Kwetu kikitajwa altareni kimekwisha. Ukibadilisha mawazo baada ya hapo, bora uhame nchi.

"Jumapili, basi," Padri akasema, akavaa kofia.

Colman alitoka bila kuaga. Mlangoni aligeuka.

"Baridi ikianza, Mwingereza, tutaona. Hujakaa majira ya baridi hapa tangu ulipokuwa na nywele."

Attracta akafunga kilichobaki cha kile kisigino cha mkate kwenye karatasi, ati cha njiani, na nyumba yao tunaiona dirishani.

Wakaenda. Nikashuka kwenye kreti. Moyoni nilijisikia mwanamume. Nilitazama chumba chetu kile, sahani zilizopangwa kabatini, moto wa udongo mkavu wa kinamasi tunaouchoma kama kuni, unaofuka taratibu, nikasubiri Mama aseme neno. Nilidhani atalia. Nilikwisha andaa maneno ya kumbembeleza.

Alikuwa anaokota viazi vilivyodondoka.

"Nani kakwambia ubaki?" akauliza.

"Mama?"

"Nauliza, nani kakutuma?"

"Nimesema mbele ya Padri."

"Umesema wewe. Mimi sikuulizwa." Akaweka kiazi mezani kwa kishindo. "Colman ananiamulia niende kwa watawa. Attracta ananiamulia nisiongee na mwanangu. Padri, Mungu ambariki, kaniuliza Misa iwe wapi, nimejibu. Na wewe, mwenye akili zako, umesimama juu ya kreti la bia umeniamulia nitaishi wapi mpaka nife. Umewazidi nini wenzako?"

Nilikuwa na mwiko mkononi tu.

"Basi nakuuliza," nikasema. "Mama, unataka nini?"

"Kaa kwanza."

Nikakaa. Akakaa mbele yangu, mikono mapajani, kama wakati ule alipokuwa akitukagua kucha kabla ya kanisa.

"Nimezaa saba," akasema. "Mmoja yuko hapa, na heri huyo ndiye angekwenda mbali. Sita nimewasindikiza kwenye mlango ule. Kila mmoja usiku wake wa kuagwa watu walijaa humu, wakapiga fidla, wakacheza, wakalia, wakanywa. Asubuhi mnaondoka na masanduku. Na mimi nabaki naosha vikombe. Sita, Malachy. Kila safari mwosha vikombe ni mimi."

"Najua, Mama."

"Hujui. Wewe ulikuwa umekwenda."

Nje ndama wa Colman alilia. Mama akamsikiliza mpaka akanyamaza.

"Hapa nimebaki na nani? Marafiki zangu wako makaburini. Natazamana na ng'ombe wa Colman, namsikiliza Attracta akitafuna. Mwaka mzima nimeambiwa umenichoka, nikakaa hapa nikisema, ningekuwa na simu yangu. Halafu nikasema, simu ya nini? Miguu ninayo."

Hapo nikaanza kuelewa.

"Nataka kwenda Birmingham," akasema. "Na wewe."

"Mama..."

"Ile Misa unadhani naitaka kwa nini? Ili Colman asipate zizi? Zizi na alipate, alale humo mwenyewe. Ile Misa ni ya kuniaga mimi. Watakuja wote, nitawaaga wote mara moja, nimevaa nguo nzuri, kwenye nyumba yenye ukuta mzuri. Na asubuhi naondoka, na vikombe ataosha Attracta."

Nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia.

"Mama, kazi sina. Yule binamu aliniachisha, nilikwambia. Naishi chumba kimoja. Mwenye nyumba, Bi. Tranter, ana sheria zake ukutani. Haruhusu hata paka."

"Mimi si paka."

"Si hivyo, Mama. Kitanda ni kimoja."

"Wewe ni mfupi. Utalala kwenye kiti."

"Na Padri? Jumapili atasimama altareni atangaze nimerudi."

"Hilo ni lako na Padri. Mimi sikukutuma." Akainuka, akarudi kwenye viazi vyake. Akamenya kimoja, akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike, "Hicho chumba kina dirisha?"

"Kinalo."

"Linatazama nini?"

Nikafikiri nimdanganye. Nikafikiri niseme bustani.

"Ukuta," nikasema.

"Umepigwa lipu?"

"Bado."

"Basi si kazi hiyo, na unasema huna kazi?"

Lipu iliyobaki kwenye ndoo ilikuwa imeanza kushika. Nikaimwaga nje, nikaosha mwiko pipani, nikafunika mfuko wa saruji kwa turubai. Nilifanya yote polepole, kwa utaratibu wangu, nikitumaini nikimaliza nitakuwa nimepata la kusema. Ng'ambo ya uwanja Colman alikuwa amesimama kwenye uzio wake, tai kaivua, ananitazama. Nikamwinulia mkono. Akanigeuzia mgongo.

Niliporudi ndani Mama alikuwa ameshika taa anaukagua ukuta. Nusu ya chini ilikuwa na mikwaruzo yangu iliyonyooka. Nusu ya juu bado ni mawe matupu.

"Itakauka lini?"

"Kesho namalizia juu. Halafu tabaka la pili. Halafu chokaa."

"Usiharakishe, usije ukaharibu," akasema. Kisha akanyoosha kidole juu ya kabati, ambako sanduku la safari la marehemu Baba lilikuwa limefunikwa na gazeti. "Ila kesho, kabla hujapanda kwenye kreti lako, nishushie lile."